Upande wa giza wa Mti wa Uzima wa Kabbala: maana yake hasa ni nini?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Kuna mchoro unazunguka mtandaoni: Mti wa Uzima wa Kabbala (elimu ya siri ya Kiyahudi) wenye sefirot kumi, yaani sifa kumi za Mungu, na chini yake mti mwingine umepinduliwa, kila duara na jina lake la kutisha. Wanauita Qliphoth. Mmoja anasema ni jehanamu, mwingine eti ni ngazi ya kupanda. Lipi sahihi?

Mchangiaji 1: Anza na neno lenyewe. Kelipa ni ganda kwa Kiebrania, wingi wake kelipot; Qliphoth ni tahajia nyingine tu. Zohar, kitabu kikuu cha Kabbala kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, inatoa mfano wa tunda la jozi: ganda nje, kiini ndani. Ganda halina uhai wake, linanyonya kwenye kiini. Uovu unaanzia Gevura, sefira ya hukumu, ikizidi kipimo na kuachana na Hesed, sefira ya rehema.

Isaac Luria, mwalimu wa Kabbala aliyefundisha Safed, mji wa Galilaya, 1570 hadi 1572, akaongeza: vyombo vya sefirot saba za chini vilishindwa kubeba nuru, vikapasuka. Cheche 288 zikaanguka pamoja na vigae, maganda yakazikamata. Kuzikomboa ndiko kunaitwa tikun.

Mchangiaji 2: Na ukifuata Tanya, kitabu cha Wayahudi wa Hasidi wa Chabad (1796), usihesabu maganda kumi, hesabu manne. Fungua Ezekieli 1:4: dhoruba, wingu na moto ni maganda matatu, najisi kabisa. La nne ni ule mwangaza, noga, lenye mema na mabaya. Chakula halali kimo humo: ukila upate nguvu za ibada kinapanda, ukila kwa ulafi kinashuka. Nyama ya nguruwe imo kwenye yale matatu. Asur, neno la Kiebrania la "haramu", maana yake pia ni "kilichofungwa": cheche yake haifunguki kwa kuliwa.

Mleta uzi: Kwa hiyo mchoro ni uzushi?

Mchangiaji 3: Si wote, mkuu. Zohar inataja mataji ya chini ya unajisi, yaani kama sefirot za upande mchafu. Ila mti uliopangwa duara kwa duara, Thaumiel juu, Gamaliel karibu na chini, ulienezwa na wanauchawi wa Ulaya, hasa Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London 1888. Habari za "kuupanda" ni za karne ya 20. Kwa Luria, anayelilisha ganda analipatia nguvu ambayo si ya ganda.

Kausome mti wa juu kwanza, jozi ya Hesed na Gevura kabla ya zote. Ukikariri majina ya chini bila hiyo, utabaki na orodha ya mapepo tu.