Mama anataka kula kwa Wamalesia hapa London, tuagize nini?

BintiPangani: Hamjambo wapendwa. Mama yupo kwangu kutoka Tanga. Juzi tumepita Bayswater tukaona kimgahawa cha Kimalesia, mume na mke, watoto ndio wanabeba sahani. Baba mtu anarusha unga dirishani, mama kaganda hapo mpaka nikamvuta mkono. Sasa Jumamosi lazima twende. Ila anakula halali tu, na kamba wanamvimbisha midomo. Niagize nini?

Kaka_Mo: Malaysia si nchi ya Waislamu? Nendeni tu.

JikoniSaaNane: Kaka Mo, taratibu. Nimefanya kazi kwenye jiko la hivyo, kwanza masufuria, baadaye vitunguu. Kule kuna Wamalay, Wachina na Wahindi, na kila watu na jiko lao. Kwa Wachina wa Malaysia unaweza kukuta bak kut teh, supu ya mbavu za nguruwe, hata tambi za char kway teow zilizokaangwa kwa mafuta yake. Uliza, wala usione haya. Sisi tulikuwa tunaulizwa kutwa.

Dada, mtihani wako ni kamba. Kuna kitu kinaitwa belacan: kamba wadogo waliotiwa chumvi, wakachachuka, wakasagwa na kukaushwa. Kinaingia kwenye sambal, ile pilipili yao ya kusaga, na kwenye laksa, supu yao ya tambi, pia. Kwa macho hukioni. (Kwa pua utakijua. Mama mwenye mgahawa akikikaanga tunafungua mlango wa nyuma, baridi isiwe baridi.) Ukisema "hali kamba" mhudumu atakutolea wale wazima tu. Taja belacan kwa jina, na umwambie mpishi mwenyewe kwamba anavimba.

Laksa achaneni nayo. Anzeni na roti canai, ndiyo ule unga wa dirishani: unalazwa kwenye mafuta, unarushwa mpaka unaona mkono upande wa pili, unakunjwa, unachomwa. Inakuja na dengu au mchuzi, na huo mchuzi nao uulizie. Nasi lemak ni wali wa tui, mama hatahitaji kuelezwa. Pembeni yai, tango, karanga na dagaa wa kukaanga. Sambal isiguse sahani kabisa.

Rendang ya ng'ombe, kama viungo vyake ni salama, usiikose. Nyama inakaa motoni na tui, mchaichai na nazi iliyokaangwa mpaka mchuzi wote unakauka. Ukiletewa yenye mchuzi mwingi, mtu alikuwa na haraka.

BintiPangani: Asante sana kaka. Pilipili atabeba yake mkobani, namjua. Na chai?

JikoniSaaNane: Teh tarik. Chai ya maziwa mazito ya kopo, inamiminwa juu kwa juu, chombo hadi chombo, mpaka itoe povu. Tamu mno. Kama bi mkubwa ana kisukari, muagizie teh o kosong: rangi, bila sukari.