Shangazi kaongea na kaburi, mtoto wa marehemu kamkataza. Nani yuko sahihi?

Mleta mada

Mbukwenyi wakuu. Kuna jambo linanikaa rohoni tangu mwezi uliopita tulipomzika baba mdogo huko Bahi. Ukoo wetu ni mchanganyiko kama koo nyingi za Dodoma. Marehemu alikuwa Mwanglikana, mkewe Mrangi wa Kondoa aliyezaliwa kwenye Uislamu, mjomba mmoja ni Msabato, na mtoto mkubwa wa marehemu ameokoka, anahubiri. Siku zote za matanga tulikaa vizuri chini ya turubai, tukala wali na maharage, daftari la rambirambi likazunguka bila neno.

Kasheshe ilianzia makaburini. Mchungaji kamaliza, udongo umeshajazwa, mashada yamewekwa. Shangazi, dada wa marehemu, akapiga magoti akaanza kuongea Kigogo kama mtu anayemsindikiza ndugu yake stendi. Amsalimie baba yao. Amwambie mtama mwaka huu umekauka ukiwa bado wa magotini, wazee huko waliko wasitusahau mvua. Akatoa kichupa cha pombe kwenye pindo la kanga, akamimina kidogo. Binamu akamshika mkono: "Shangazi, acha. Marehemu hasikii. Hayo ni mambo ya mizimu." Shangazi akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akauliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unaongea na nani?"

Maana muda mfupi kabla ya hapo binamu alikuwa amesoma salamu za watoto, karatasi mbili nzima: "Baba umetuacha. Baba, mama tutamtunza, wewe pumzika." Hakusema "Mungu, naomba umfikishie baba." Alikuwa anamwambia baba. Watu walicheka makaburini, Mungu atusamehe, na watani ndio walioongoza.

Hoja yangu ni hii. Mdomoni tumegawanyika vipande vinne vitano kuhusu wanakokwenda wafu, lakini tukifika kaburini karibu wote tunafanya kama mtu yupo na anasikia. Hata lugha inatuumbua. "Marehemu" limetoka kwenye Kiarabu, maana yake aliyerehemewa, kwa hiyo anayepiga marufuku kumwombea mfu keshamtakia rehema kabla sentensi haijaisha. "Hayati" tunalowapa wakubwa limetokana na neno la uhai. Na kuzimu, ambayo imo kwenye Biblia ya Kiswahili anayoishika binamu, ina mzizi mmoja na mizimu anayoikataa.

Karibuni. Matusi hapana.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umetupiga kwa maneno ya kamusi, lakini asili ya neno siyo imani. Nikisema "jua limezama" siamini kwamba kuna bwawa huko Manyoni. Mimi ni Msabato kama mjomba wako. Mhubiri 9:5 iko wazi: wafu hawajui neno lolote. Mtu akifa amelala mpaka siku ya ufufuo, hana habari ya mtama wala mvua. Watu hutuletea yule mnyang'anyi msalabani, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Sawa, lakini Kigiriki cha kale kiliandikwa bila alama za vituo kama tulizonazo. Mkato ukiuweka baada ya "leo", inakuwa leo ndiyo siku ya kuambiwa, siyo ya kufika. Shangazi mwachieni, ana uchungu. Fundisho lake ndilo lisiachiwe.

Mchangiaji wa 2

Mkato mmoja umebeba pepo nzima, kazi kwelikweli. Ukienda Luka 16, tajiri amekufa na anaongea, ana kiu, anawakumbuka hata ndugu zake watano.

Ila hapo hapo mleta mada naye abanwe. Tajiri anaomba Lazaro atumwe nyumbani kwao, Ibrahimu anakataa: wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Kwa hiyo hata kama marehemu ana fahamu zake timamu, habari hazisafiri. Sisi Wakatoliki tunawaombea, 2 Novemba hatukosi makaburini, na msingi wetu upo kwenye Makabayo wa pili, sura ya 12, kitabu ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu. Lakini sikiliza maneno yenyewe: "Raha ya milele uwape ee Bwana." Anayeongeleshwa ni Bwana. Marehemu anatajwa tu. Shangazi alikosea anwani.

Mchangiaji wa 3

Wakuu, na sisi wa Kondoa tuseme kidogo. Msidhani Waislamu tumeafikiana. Kwamba kuna barzakh, kizuizi kati ya kufa na kufufuliwa, hakuna ubishi, imo kwenye Sura ya 23 aya ya 100. Maswali ya Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji mfu kaburini, tunafundishwa tangu madrasa. Ubishi unaanza kwenye kusikia. Sura Fatir, aya ya 22, inamwambia Mtume kwamba yeye si wa kuwasikilizisha waliomo makaburini. Lakini baada ya vita vya Badr, mwaka 624, alisimama kwenye kisima walimotupwa maadui waliouawa, wakubwa wa Kikureshi, akawaita kwa majina. Omar akashangaa: unaongea na miili isiyo na roho? Akajibiwa kwamba nyinyi hamsikii zaidi yao. Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakuipokea hivyo. Alisema maana yake ni kuwa sasa wamejua ukweli, siyo kwamba wamesikia, akashikilia aya za Qurani. Kama watu wa nyumba ile ile walitofautiana, mimi na wewe wa Bahi tutamaliza leo?

Huku kwetu kuna wanaosoma talakini, yaani kumkumbusha maiti majibu, juu ya kaburi na kuna wanaosema ni bidaa, jambo lililozushwa kwenye dini. Hitima hivyo hivyo. Lakini wote, wanaosoma na wasiosoma, wakipita makaburini wanawatolea salamu waliolala humo. Mleta mada hapo kapata goli, nakubali.

Mchangiaji wa 4

Mnaongea kama wazee wetu walikuwa wanaabudu maiti. Babu yangu alimjua Mulungu kabla mmisheni hajafika Mpwapwa. Hebu fikirini, mtu akiwa na shida ya maji mtaani anakwenda kwa Rais? Anaanza kwa balozi, anakwenda kwa mwenyekiti, mtendaji, ngazi kwa ngazi. Wazee waliotangulia ndio mabalozi wetu. Ng'ombe mweusi alichinjwa kwa sababu wingu la mvua ni jeusi, mbona haina siri?

Na msiseme yameisha. Nendeni Mungomi wa Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Mtalii anapiga picha mchana, wenyeji nao wana siku zao za matambiko pale pale. Ukiwauliza dini watakuambia Muislamu, Mkristo.

Mchangiaji wa 5

Nipo kazi ya uuguzi miaka mingi. Moyo ukisimama, ubongo unakosa hewa, dakika chache tu na unaanza kuharibika, basi. Hayo mengine mnajifariji walio hai.

Mchangiaji wa 6

Kwa heshima, dada au kaka muuguzi, tungekuwa tunajifariji tungechagua kitu kitamu zaidi ya jehanamu.

Mimi swali langu halina aya. Juni 24, 2002, treni ya abiria iligongana na ya mizigo Igandu, watu 281 wakafa. Miili iliyokosa wa kuitambua ilizikwa kwa pamoja hapa hapa Dodoma. Aliyelala pale bila jina ni wa toharani ya Wakatoliki, wa barzakh, amelala usingizi, au yuko na wazee wake? Nikipita karibu huwa nasema tu "poleni." Sijui nawaambia wao au najiambia. Ila siwezi kupita kimya.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mchangiaji wa 2 umenibana kweli kwenye Luka 16, na sijapata jibu. Kumtaja mtu kwa Mungu na kumwongelesha ni vitu viwili, nami nilivichanganya. Lakini wa 6 naye amesema "poleni" akiwa njiani peke yake, hakuna ndugu wa kumsikiliza wala msiba wa kuupamba, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wa 4, mfano wa mwenyekiti wa mtaa ni mtamu, ila wa kwetu tukimpelekea shida ya maji haifanyii kazi, kwa hiyo angalia usije ukawapunguzia wazee heshima.

Yanayoendelea: shangazi kanipigia jana. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na anataka afike kaburini kabla ya tone la kwanza. Ameomba nauli na mbuzi mweusi. Nauli nimetuma. Mbuzi nimemwambia bado natafuta. Akasema nisihangaike, marehemu mwenyewe ameacha weusi wawili zizini.

Zizi sasa liko mikononi mwa binamu.