Tani 14 za Mmarekani na nusu tani ya Mkenya: nani atangulie kupunguza?

Maalim wa Tudor: Kila mkutano wa tabianchi unapokaribia, Uchina ndiyo hulaumiwa, na kwa hesabu ya nchi nzima lawama hiyo ina msingi, maana hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani. Ukigawanya kwa vichwa, hata hivyo, Mchina ana tani 8 hivi kwa mwaka, Mmarekani 14, mkaazi wa Qatar zaidi ya 30, na Mkenya hafikishi hata nusu tani. Ni kwa haki gani basi tunaambiwa sote tujibane sawasawa? (Labda wenzetu wa Nyali, mtaa wa wenye nazo hapa Mombasa, ambao viyoyozi vyao havizimwi usiku wala mchana, watangulie.)

Bi. wa Nyali: Nilikubaliana na Maalim mpaka nilipofika kwenye mabano. Umeme wetu, kama tisa kwa kumi, unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hivyo kiyoyozi changu hakimfukizii mtu moshi. Tena hiyo nusu tani imewaacha ng'ombe nje. Ukihesabu methani ya mifugo, ambayo nayo ni gesi inayopasha dunia joto, fungu la kila Mkenya linaongezeka mara kadhaa.

Jirani wa Kipevu: Hiyo moja ya kumi iliyobaki, Bi, twaivuta sisi. Mitambo ya umeme ya Kipevu, hapa Mombasa, huchoma mafuta mazito, na hutegemewa zaidi jioni, wakati viyoyozi na pasi za mji mzima zimewashwa kwa pamoja, basi wastani wa nchi usitumiwe kumtakasa mtu mmoja. Isitoshe, upepo huo ni wa kaunti ya Marsabit, si Turkana.

Bi. wa Nyali: Mradi wenyewe unaitwa kwa jina la Ziwa Turkana, na si mimi niliyeubatiza. Mkaa unaopikiwa kwenu Changamwe mbona hautajwi?

Maalim wa Tudor: Nimetaja Qatar, najibiwa mkaa. Ng'ombe wa mfugaji wa Tana River hunywesha watoto maziwa, na sikubali awekwe mizani moja na ndege ya tajiri, hata kama vyote hupimwa kwa tani. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote ya viwandani tangu viwanda vianze, na hilo halijajibiwa na yeyote.

Baharia mstaafu, Likoni: Mwasahau meli. Mafuta yanayochomwa katika safari za kimataifa hayajumlishwi kwa nchi yoyote, bali huandikwa kando, ingawa ni kama asilimia 2 hadi 3 ya hewa ukaa yote. Simu nayo, ikiundwa Uchina na kununuliwa Marekani, moshi wake huandikiwa Mchina. Mimi naona anayetumia ndiye abebe.

Jirani wa Kipevu: Basi mzigo wa Kampala ukiteremshwa bandarini Kilindini, moshi wa meli aandikiwe Mganda. Na lori linalotupitia mlangoni je?

Baharia mstaafu, Likoni: Lori huhesabiwa pale dizeli iliponunuliwa. Likijaza tangi hapa Mombasa, moshi wake ni wetu hata likishavuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda.