Nipo Ujerumani kwa familia kama au pair (nakaa nao nawasaidia kulea watoto), nalala na njaa na naona aibu kusema

BintiTanga
Habari zenu wadau, naombeni ushauri, ni ndefu kidogo mnivumilie. Nimekuja mwezi wa tisa kama au pair, nipo kijijini karibu na Hannover, familia ni baba, mama na watoto wawili wa miaka 3 na 6. Watu wazuri kwa kweli, sijawahi kufokewa na chumba changu ninacho mwenyewe. Shida ni chakula cha usiku. Saa kumi na mbili jioni wanaweka mkate, jibini, matango na nyama baridi zilizokatwa, wenyewe wanaita Abendbrot, hakuna cha moto. Siku ya kwanza yule mama akaniuliza utaongeza? Nikasema hapana asante nimeshiba, si ndo tulivyolelewa, mgeni hadakii chakula mara ya kwanza. Basi akabeba akarudisha kwenye friji! Mimi nasubiri aniambie kula bwana hujala kitu, wapi. Toka hapo nakula slesi mbili, zile nyama sizigusi maana sijui ipi nguruwe ipi siyo, naenda kulala tumbo linanguruma. Halafu saa kumi na nusu tu kishakuwa giza, kila mtu na mlango wake, nami najifungia nisiwasumbue. Na wanataka niwaite majina yao, mama wa rika la mamdogo wangu nimuite jina kavu kavu, mdomo haufunguki kabisa. Niombe kubadilishiwa familia au?

KakaLindi
Pole sana mdogo wangu, yamenikuta hayo hayo Leipzig 2016. Wenzetu hapana ni hapana, ukisema umeshiba wanakuamini, na kwao kukulazimisha ndo kukukosea adabu. Hajakunyima huyo mama, amekuheshimu kwa namna ya kwao. Mimi nilikaa wiki sita hivyo hivyo, siku moja nikajikaza mezani nikasema Ich habe noch Hunger, yaani bado nina njaa, yule mama akaweka kisu chini akaniuliza tangu lini? Nilipomwambia machozi yakamlengalenga, kumbe alikuwa anadhani sipendi vyakula vyao. Sema mezani, wote wakiwepo, usisubiri ubembelezwe. Na nyama soma pakiti, Schwein ni nguruwe, Rind ng'ombe, Pute bata mzinga. Ukiona Wurst, yaani soseji, haijaandikwa kitu iache, nyingi zina nguruwe.

Mpole_77
Vumilia tu dada, umeenda kutafuta maisha siyo kula. Ukianza kulalamika watatafuta mwingine.

MsichanaNakuru
Sis huyo wa juu usimskize. Chakula sio msaada wanakupea, iko kwa mkataba pamoja na chumba na bima. Pocket money ni euro 280 kwa mwezi, wanachangia euro 70 ya darasa la Kijerumani, kazi isipite masaa 30 kwa wiki na lazima upate siku moja na nusu ya kupumzika. Jua haki zako, lakini ongea nao kwanza kabla ufikirie kuhama, kwa vile umeeleza hawa si watu wabaya. Nenda duka la Waturuki mjini, utapata nyama halali na unga wa mahindi unaitwa Maismehl, ni ya manjano lakini ugali inashika. Enda Jumamosi, Jumapili maduka karibu zote zimefungwa. Na tafadhali mlango wako uwachange wazi jioni, ukijifungia wanafikiria unataka kuwa peke yako na hawatakugongea. Mimi nilikua nabeba nguo nakunja sebuleni na hao, Kijerumani changu kilikuja hapo, sio darasani. Hio ya majina utazoea, ukimuita jina hasikii vibaya hata kidogo.

BintiTanga
Jamani asanteni sana, mmenitoa mbali. Jana nimesema. Mikono ilikuwa inatetemeka na Kijerumani kikanipotea katikati, nikamalizia kwa kuonesha tumbo. Yule mama akanyamaza kwanza, akainuka akanipashia supu iliyobaki mchana, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Akaniambia friji ni langu pia, nikisikia njaa hata saa sita usiku nifungue. Kwamba sili nguruwe walikuwa hawajui kabisa, mimi nilidhani wakiniona na ushungi wanajua, kumbe ilibidi niseme. Leo baba karudi na nyama ya Pute kaiweka peke yake kwenye kopo, juu kaandika jina langu. Jina bado sijaweza kumuita yule mama, najizoeza chumbani.

Sasa Jumamosi wameniomba nipike cha kwetu. Nataka wali wa nazi na samaki wa kupaka, tui la kopo nimeliona dukani. Watoto hawali pilipili hata punje, nikiacha kabisa samaki atanoga kweli? Na huku samaki wote wameshakatwa minofu, nani kawahi kupaka minofu kwenye oveni isivunjike?