Mbegu za maboga Malindi: zipandwe lini ili zizae, zisiishie kuwa seveve, yaani majani ya mboga tu?

Mwenye Kiwanja (Malindi)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba hapa Malindi, kiasi cha hatua kumi na tano kwa kumi, chenye mchanga mweupe ambao ukiumwagia maji asubuhi, kufika adhuhuri hujui kama uliwahi kumwagiwa. Mwaka jana nilipanda maboga juma la pili la Aprili, mara tu mvua za mwaka ziliposhika, kwa kuwa ndivyo nilivyomwona marehemu babu akifanya. Mbegu nilizitoa katika boga la sokoni. Ziliota siku ya tano, zikatambaa mpaka kwenye ua wa makuti, zikapanda juu ya paa la banda la kuku, na majirani wakawa wanachuma seveve kila jioni.

Maua yalianza kufunguka mwishoni mwa Mei, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vitoto vya boga vilifikia ukubwa wa limau, vikageuka manjano, vikalainika nchani na kuanguka kimoja baada ya kingine. Nilipopasua kimoja nilikuta mafunza meupe ambayo nikiyaweka juu ya sakafu yanajikunja na kuruka. Katika mashina sita nilivuna boga moja tu, nalo halikuzidi upana wa kisahani cha chai.

Sasa shemeji yangu anayeishi Leicester, Uingereza, ameniletea pakiti mbili, moja ya batanati (boga dogo lenye umbo la peasi) na moja ya zukini (boga refu linalofanana na tango na huliwa likiwa changa). Maelezo ya pakiti yanasema mbegu ziatikwe ndani ya nyumba mwezi wa Aprili, kisha miche ihamishiwe nje mwishoni mwa Mei, baada ya baridi ya kugandisha kupita. Kwa hapa kwetu maneno hayo hayanisaidii kitu. Naomba ushauri wa mambo mawili: kwanza, ni mwezi gani hasa wa kupanda ili nipate boga na si majani tu, pili, kama inawezekana kupanga upandaji ili niwe na maboga ya futari nyumbani, kwa sababu Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8 Februari, na bei ya boga sokoni katika mwezi huo sote tunaijua.

Bwana Shamba Mstaafu (Malindi)

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu.

Maelezo ya pakiti si ya uongo, ila yameandikiwa watu wengine. Mbegu ya boga huota vizuri udongo ukiwa na joto la kati ya nyuzi 25 na 35, na udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 mbegu hukaa tu mpaka ioze. Mkulima wa Uingereza anapigania joto, kwa hiyo anaatika ndani na kuvizia baridi iondoke. Sisi tulio nyuzi tatu tu za latitudo kusini mwa ikweta hatuna shida hiyo. Mbegu ya boga itaota Malindi mwezi wowote ukiipa maji. Ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba hapa hakuna wakati wa kupanda, na wanapokosa mavuno humlaumu muuza mbegu.

Kwetu swali si lini mbegu itaota, bali ua litafunguka katika hali gani ya hewa. Boga huchukua kiasi cha juma sita hadi nane kutoka mbegu mpaka maua, na maua ya kiume hutangulia yale ya kike kwa siku kadhaa. Ulipanda juma la pili la Aprili, kwa hiyo hesabu yenyewe ilikupeleka mwishoni mwa Mei, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Malindi. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia saa nne au saa tano limekwisha kufumba, wala halifunguki tena. Mvua ikinyesha katika saa hizo, nyuki hawatoki, chavua inalowa, na ua la kike linafumba bila ya kupata kitu. Zaidi ya hayo, unyevu wa msimu huo ndio unaompa nguvu nzi wa matunda, ambaye hutoboa kitoto cha boga na kutaga mayai ndani yake. Mafunza uliyoyaona ni yake. Marehemu babu hakukosea, maana mtu anayepanda kwa ajili ya seveve apande mvua inaposhika, na hatajuta.

Kwa boga lenyewe nakushauri usipande sasa. Ngoja mvua zipungue, upande kati ya katikati ya Juni na juma la kwanza la Julai, udongo ukiwa bado na unyevu wa chini. Maua yatakuja Agosti, wakati hewa imepoa kidogo na manyunyu ya kusi yanapita kwa muda mfupi, na utavuna kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba.

Kuhusu futari, rudi nyuma kwa hesabu. Boga kubwa la kienyeji linahitaji siku 100 hadi 120, na batanati karibu siku 100. Ukitaka boga lililokomaa mwishoni mwa Januari, mbegu iwe ardhini katika siku kumi za kwanza za Oktoba, bila ya kungoja vuli ithibitike, kwa maana vuli ya huku haina ahadi. Mnakumbuka ile ya 2021 ilivyotunyima, na ile ya 2023 ilivyotumwagia mpaka mashamba yakawa madimbwi. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa msimu wa Oktoba hadi Desemba, lakini uwe na mapipa ya maji yako.

Zukini ni jambo jingine, kwa sababu huanza kuvunwa baada ya siku 50 hivi na haitambai. Panda mbegu nne tu mwezi wa Julai, kisha nne nyingine baada ya juma tatu. Ukipanda pakiti nzima kwa pamoja utagawa zukini mtaa mzima mpaka watu wakuepuke.

Mama wa Mambrui

Bwana Shamba amesema kweli kuhusu mvua ya Mei, lakini mimi kwangu, karibu na mto Sabaki, hupanda mapema badala ya kuchelewa. Natia mbegu katikati ya Februari kwa maji ya ndoo, na mvua kubwa zinapofika maboga tayari yana ukubwa wa kichwa cha mtoto na ngozi yake imekuwa ngumu, hata nzi hana pa kupenya. Nakubali kwamba ardhi yetu ya mafuriko inashika maji, na kwamba kubeba ndoo katika jua la Machi si kazi ya kila mtu.

Kwa mchanga wako mweupe, ndugu, la kwanza ni shimo. Chimba shimo la upana wa mkono mmoja, tangu kiwiko mpaka ncha za vidole, na kina cha kisu cha jembe mara mbili. Weka chini majani makavu ya ndizi yaliyokatwakatwa, juu yake samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa, kisha changanya na mchanga ule ule uliouchimba. Mwagia maji siku tatu mfululizo kabla ya kupanda. Mbegu ziwe tatu kwa kila shimo, zilazwe ubavu, kina chake pingili moja ya kidole. Zikishatoa jani la pili la kweli, bakisha mche mmoja ulio na nguvu, na ile mingine ikate kwa mkasi. Usiing'oe, kwa sababu mizizi imeshikana na utaujeruhi ule unaoutaka. Kutoka shimo hadi shimo pasipungue hatua mbili kubwa, na kwa kiwanja chako mashina manane yanatosha.

La pili ni maua. Usiwategemee nyuki wa mjini. Amka baada ya Swala ya Alfajiri, ukiwa na kikombe cha chai mkononi ukipenda, utafute ua la kike: utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake, ilhali la kiume linasimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Chuma la kiume, libandue petali zake, ubaki na ule ufito wenye unga wa manjano, kisha upake katikati ya ua la kike mpaka uuone unga umeshika. Ukimaliza, kifunge kile kiboga kwa mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi na uufunge kwa uzi kwenye kikonyo, ili nzi asikifikie. Baada ya siku kumi na nne unaweza kuutoa. Vile vilivyoanguka usivitupe kando ya ua, kwa maana mafunza hutoka na kujizika mchangani, na baada ya siku chache wanakuwa nzi wapya. Vitie katika mfuko wa plastiki, uufunge, uuache juani.

Nahodha wa Shela (Lamu)

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza yanayohusu kisiwani, kwa sababu wapo wasomaji wa Lamu watakaofuata hesabu ya Malindi na kupata hasara.

Kwetu Lamu vuli ni hafifu kuliko hiyo yenu, na visima vingi vina chumvi. Anayetaka kupanda Oktoba kwa ajili ya futari ni lazima awe na jabia au birika iliyojaa maji ya mvua za mwaka na asiyatumie kwa kufulia. Mimi sina ujasiri huo. Napanda mara moja tu, siku za mwisho za Mei au mwanzo wa Juni mvua ikianza kukatika, kwa samadi ya punda, ambayo kwetu haina bei, na navuna Septemba. Boga lililokomaa, likikatwa na kikonyo chake, likaanikwa kivulini siku kumi, kisha likawekwa juu ya ubao penye upepo bila ya kugusana na jingine, hukaa miezi miwili hadi mitatu. La futari ya Februari, basi, sisi hulinunua kama watu wote.

Jambo la pili ni upepo. Katika Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na huugeuza mtambaa wa boga kama anayekunja mkeka. Kila mtambaa ukifikia urefu wa pima moja, fukia kifundo kimoja kwa mchanga wenye samadi. Kifundo hicho kitatoa mizizi yake, kitaushika mtambaa kama nanga, na kitaulisha pia.

Naona pia watu husema «nitapanda baada ya Idi» au «mwezi wa Rajabu». Miezi hiyo ya mwandamo hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, kwa hiyo aliyepanda vizuri katika Rajabu, baada ya miaka tisa atajikuta amehama msimu mzima. Wazee wetu, wakulima kwa mabaharia, walihesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya wa Waswahili, ambayo hufuata jua na haihami kama Ramadhani. Atakayepanga boga la futari kila mwaka, tarehe yake ya kupanda nayo ni lazima irudi nyuma kila mwaka, mpaka itakapoingia tena katika mvua za Mei.

Bwana Shamba Mstaafu (Malindi)

Nahodha, hilo la mwisho sikulifikiria, na ni la kweli. Naongeza tu kwamba katika maji yenye chumvi kidogo zukini huvumilia kuliko boga, kwa hiyo wa kisiwani wasiikatie tamaa. Nawaonya pia wanaotoa mbegu katika zukini waliyoivuna: ikiwa ua lake lilichanganyika na maboga ya mapambo ya jamii yake, tunda la kizazi kinachofuata linaweza kuwa chungu sana. Boga au zukini ikiwa chungu ulimini, iteme na usiipike, kwa maana uchungu huo ni sumu. Mmumunye hauna hatari ya kuchanganyika na boga. Huo ni wa jamii nyingine, na ukitazama utaona ua lake ni jeupe na hufunguka jioni.

Mwenye Kiwanja (Malindi)

Nawashukuru sana. Nimeamua hivi: mvua zikishika nitapanda mbegu za boga la sokoni katika mashimo mawili kwa ajili ya seveve tu, batanati itaingia ardhini katikati ya Juni katika mashimo matatu, na mashimo matatu yaliyobaki nitayatia samadi Septemba, yawe tayari kwa boga la futari. Jana nililaza mbegu kumi za boga la sokoni ndani ya kitambaa kibichi nione ngapi zitaota, na nyingine zote nimezitia katika chupa yenye mchele mkavu, kwa sababu unyevu wa huku unaua mbegu haraka. Swali dogo: majirani wamekwisha kuzoea kuchuma seveve. Je, nikiwaruhusu wachume katika mashina ya futari pia, nitapoteza?

Mama wa Mambrui

Waache wachume katika yale mashimo mawili, ndugu yangu. Kwa yale ya futari, wachume majani ya kando yasiyozidi mawili kwa juma katika kila shina, tena baada ya viboga kushika. Wasiguse ncha ya mtambaa wala jani lililo jirani na kiboga, kwa sababu jani hilo ndilo linalokilisha. Na hayo uwaambie kabla hujapanda, maana wakishaleta kapu mkononi hutaweza.