Uyoga mgumu kwenye gogo: Ganoderma, Fomes au Fomitopsis?

Mpitanjia: Wakuu, nimekuta uyoga mgumu umeota ubavuni mwa gogo. Hauna shina, juu una rangi ya kahawia na kijivu, chini mweupe. Nimebaki na majina matatu: Ganoderma applanatum, Fomes fomentarius na Fomitopsis pinicola. Bila darubini nitautambuaje?

BiKivuli: Kwaruza ule weupe wa chini kwa ukucha. Ukigeuka kahawia iliyokolea papo hapo, elekea Ganoderma. Alama haifutiki hata uyoga ukikauka, ndiyo maana wapo wanaouchorea picha. Fomes nao hubadilika kidogo, kwa hiyo tazama na vumbi: spora (chembe za uzazi) za Ganoderma zina rangi ya kakao na hutanda juu ya kofia na majani ya jirani. Za Fomes ni nyeupe.

Gogo_Kuu: Umbo nalo linasema. Fomes ni mnene kama kwato ya farasi, Ganoderma ni bapa. Ukikata kipande na kukuta nyama ya rangi ya krimu, hiyo Fomitopsis. Wenzake wawili ni kahawia ndani.

Mzizi: Mimi naanza na mti wenyewe. Ganoderma na Fomes hula lignini (kinachoupa mti ugumu) pamoja na selulosi (nyuzi zake), na mti hubaki mweupe, laini, wenye nyuzinyuzi. Fomitopsis hula selulosi na kuacha lignini: mti unakuwa kahawia, unapasuka vipande vya mraba, ukivibonyeza vinasagika. Mabaki hayo hukaa udongoni muda mrefu sana, yanashika maji, na miche huotea humo.

BiKivuli: Mzizi, nakubali, ila gogo moja hubeba kuvu wengi. Uozo unaouona huenda si wa uyoga ulioushika.

Mpitanjia: Nimekwaruza: kahawia mara moja! Juu kuna vumbi la kakao, na mti ni mweupe wenye nyuzi.

Gogo_Kuu: Basi andika Ganoderma, uishie hapo. Kutenga applanatum na ndugu zake wa karibu kunahitaji kupima spora kwa darubini.

Mzizi: Kama uko Ulaya kuna njia nyingine. Tazama chini kama kuna vichuchu vidogo vigumu. Husababishwa na mabuu ya nzi Agathomyia wankowiczii, na karibu kila mara huwa kwenye applanatum. Tafadhali usiung'oe, huishi miaka mingi, na mbawakawa wanautegemea kwa chakula.