Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi habari ya muziki ilipokufikia?

Mwana wa Walukuba

Wazee kwa vijana, salaam. Jana kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, nilikuta vijana wawili wanabishana Michael Jackson alikufa mwaka gani. Mmoja anasema 2007, mwenzake 2010. Nilicheka, maana usiku ule mimi siusahau.

Nilikuwa utingo, tumekwama mpakani Malaba siku ya tatu, foleni ya malori haisogei. Dereva kalala, mimi nimekaa kwenye ngazi ya kabini na redio ndogo. Kwetu ilikuwa imeshaingia tarehe 26 Juni 2009, kama saa saba usiku; kule Los Angeles bado ni mchana wa tarehe 25. Mtangazaji akakata wimbo katikati, akanyamaza, kisha akasema. Nikamwamsha dereva. Mzee wa Mombasa yule akanijibu bila kufumbua macho: "Huyo ameshakufa mara ngapi? Lala."

Mara taa ya kabini ya lori la mbele ikawaka, halafu ya lori la nyuma. Kufika alfajiri madereva wote wako kwa mama wa chai, na yule mzee wangu ndiye anayepiga kelele kuliko wote, anauliza: maonyesho 50 yaliyokuwa yafanyike London, waliokwisha kununua tiketi watarudishiwa pesa na nani?

Haya, semeni na nyinyi. Si lazima awe Michael.

Kanda Tisini

Kaka, umenigusa. Mimi sina habari ya kifo, nina habari ya wizi.

Albamu ya Michael, Thriller, ilitoka mwishoni mwa 1982, lakini mtaani kwetu Mbale ilinifikia baadaye sana, kaseti ya kuazima, ya kurudisha jioni hiyo hiyo. Pesa ya kununua kaseti tupu sina. Nyumbani kuna moja tu ya dakika 90, ya baba, kwaya ya kanisani kwao. Alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba matundu, nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Kwaya ikaondoka, Michael akaingia. Fimbo niliyopigwa nayo naikumbuka mpaka upande iliovunjikia.

Mama Mitumba, Busia

Mimi ni Kenny Rogers. Marehemu mume wangu alikuwa na nyimbo zake zote, na kila Jumapili asubuhi lazima zilie kabla ya uji. Alipokufa Kenny, kwetu ilikuwa Jumamosi, 21 Machi 2020. Nikawasha simu sokoni, nikapiga nyimbo zake kutwa nzima, wateja wanafikiri nimepata mchumba. Usiku ule ule tukaambiwa Uganda imepata mgonjwa wa kwanza wa korona. Biashara ikafa. Basi kwangu nyimbo zile na ule mwaka vimekuwa kitu kimoja, siwezi kuvitenganisha.

Fundi wa Vyombo, Nebbi

Poleni na hongereni. Mimi nakodisha spika na jenereta kwenye harusi, kwa hiyo ninachokumbuka ni mambo ya kiufundi.

Mwaka juzi nilikuwa na harusi kubwa. Bwana na bibi harusi wako getini, nawasha kompyuta, diski imekufa. Haisomi. Nyimbo zote zilikuwa humo, na mimi kwa ujeuri wangu sikubeba hata flashi ya akiba. Watu mia tatu wananitazama. Kulikuwa na kijana mmoja kaja na adungu yake, kinubi cha kwetu, alipangiwa kupiga baadaye wakati wa chakula. Nikamsukuma mbele, nikamwekea maikrofoni moja kwenye ngozi ya adungu, nyingine mdomoni. Akapiga dakika arobaini. Mimi niliishia kulaumiwa, yeye alituzwa noti mpaka zikajaa mifukoni.

Baadaye nikiwa nasimulia aibu hiyo, rafiki yangu akaniambia kwenye uwanja wa Wembley, London, kilishatokea kisa kama changu. Tarehe 11 Juni 1988, tamasha la miaka 70 ya Mandela, mwenyewe bado yuko gerezani. Stevie Wonder yuko karibu kupanda jukwaani, ikagundulika diski ya kinanda chake haipo. Akaondoka analia. Wakamrudisha jukwaani binti mmoja aliyekuwa ameshaimba mapema, Tracy Chapman, yeye na gita lake tu. Kabla ya siku hiyo wachache walimjua. Baada yake albamu yake ilinunuliwa kama mkate. Stevie alirudi akaimba baadaye siku hiyo hiyo, kwa vyombo vya watu wengine.

Tangu nisikie hivyo nimepunguza kujilaumu. Flashi sasa nabeba tatu.

Mzee wa Kambi

Nimesoma yote. Mimi nimekulia Mbuya, baba askari. Ninalokumbuka ni la 1989.

Siku hizo ukimwi tuliuita silimu, na kwa sauti ya chini. Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka Rakai, amelazwa chumba cha nyuma, na sisi watoto tuliambiwa ana malaria. Malaria ya miezi minane. Mitaani watu walikuwa wanasema mwanamuziki Philly Lutaaya katangaza kuumwa ugonjwa huo ili auze kanda, na mimi niliamini hivyo hivyo.

Jioni moja Redio Uganda wakapiga wimbo wake ule wa upweke na hofu. Mama akainuka kwenda kuzima. Baba mdogo akaita kutoka chumbani: "Shemeji, acha." Wimbo ulipoisha akauliza kama utarudiwa. Baba akabeba redio, akaipeleka kule ndani, akaiweka kwenye stuli karibu na kichwa chake, naye akakaa kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anakaa juu ya kitanda kile. Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo. Baba mdogo hakufika Krismasi.

Miaka miwili baadaye BBC wakasema mwimbaji wa bendi ya Queen, Freddie Mercury, ametangaza tarehe 23 Novemba kuwa ana ukimwi, na kesho yake amekufa. Dunia nzima ikatikisika. Baba akasema tu, "Wetu alitangulia." Mimi nakubaliana naye. Aliyetangaza akiwa bado ana miezi ya kuzunguka shuleni na makanisani, akitazamwa na kunong'onwa, ndiye aliyebeba mzigo mzito.

Boda wa Kasese

Mzee, pole sana. Ila hao Queen ni Waingereza, wanatuhusu nini?

Mzee wa Kambi

Mwanangu, Freddie Mercury alizaliwa Unguja, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Familia ilikimbilia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Ile siku ya tamasha la Live Aid, 13 Julai 1985, aliushika uwanja wa Wembley mkononi kwa dakika kama ishirini tu. Sisi Kampala hatukuwa na nafasi ya mambo hayo. Wiki mbili baadaye serikali ikapinduliwa.

Boda wa Kasese

Sikujua. Asante mzee.

Mama Mitumba, Busia

Kanda Tisini, ile kaseti ya baba iliishia wapi?

Kanda Tisini

Ninayo mama. Baba alifariki 2004, nikaikuta kwenye sanduku lake, kumbe hakuitupa. Thriller ni dakika 42 na upande mmoja wa kanda ni 45. Ukiiacha iendelee baada ya wimbo wa mwisho, unasikia mkwaruzo, halafu kwaya inarudi kwa kama dakika tatu hivi. Sauti ya besi pale nyuma, inayochelewa kidogo kuliko wenzake, ndiyo yake.